SOMO: Kumtafuta mthamini wa sarafu za kale bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Habari zenu wadau. Wengi mmenifuata pembeni mkiuliza habari za kopo la babu, nimeona niandike hapa mara moja tuelewane.

Babu yetu wa Old Moshi alipofariki tulikuta uvunguni kopo la maziwa ya unga limejaa sarafu. Baba mdogo akalibeba hadi kwa sonara mmoja hapa mjini. Yule bwana alizimwaga kwenye mzani kama anapima dagaa, akataja bei ya kilo. Moja ya rangi ya shaba akaisukuma pembeni kwa ukucha: "Hii bati tu, mpe mtoto achezee." Niliiokota. Ilikuwa na taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika ya Mashariki ya Mjerumani), mwaka 1916 na T ndogo. Ni heller 20 ya Tabora, ile Wajerumani waliyoitengeneza kwenye karakana ya reli wakati wa vita, meli zao zikiwa zimezuiwa na pesa zimewaishia. Wakusanyaji wanaitafuta kuliko shilingi nyingi zilizokuwa mle koponi. Na hilo neno heller ndilo lililotupa "hela" tunayoitaja kila siku.

Sonara hakutuibia. Alipima madini, ndiyo kazi yake. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kati ya 1921 na 1946 ina uzito wa gramu 7.8 hivi, lakini madini ya fedha humo ni robo tu, haifiki hata gramu 2. Kosa lilikuwa letu: tulipeleka swali la historia kwa mtu wa mizani.

Hatua ya 1: Usisafishe kitu. Binamu yangu alichukua rupia ya Mjerumani akaisugua kwa limau na majivu hadi picha ya Kaizari, mfalme wao, ikang'aa kama sufuria ya harusi. Ule weusi wa miaka ndio mkusanyaji anaolipia; ukishautoa haurudi, na mtaalamu huona mikwaruzo ya kusugua mara tu anapoigeuza sarafu kwenye mwanga. Shika ukingoni, weka kila moja kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Vile vifuko vya plastiki laini huacha utando wa kijani, viepuke.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha kabla hujamtafuta mtu. Hapa ndipo pesa inaokolewa, kwa sababu mthamini anayelipwa kwa saa hatatumia saa zake kukusomea miaka. Andika nchi, thamani iliyoandikwa, mwaka, uzito (mzani mdogo wa kidijitali unaosoma hadi gramu 0.01), na alama ndogo ya kiwanda. Kwa sarafu za Mjerumani, A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora. Kwa za Mwingereza utakuta H na KN za Birmingham, SA ya Pretoria, I ya Bombay. Kiherufi hicho kinaweza kubadilisha bei. Hata heller 20 za Tabora hugawanywa kwa umbo la taji na ncha za herufi L. Mimi nilitumia lenzi na jumapili nzima.

Piga picha mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, pande zote mbili na ukingo.

Hatua ya 3: Jua unataka bei ipi. Sarafu moja ina bei nne: ya madini, ya mfanyabiashara akinunua kwako, ya mkusanyaji akinunua dukani, na ya bima, yaani gharama ya kupata nyingine kama hiyo. Mtu akikuambia "hii ina thamani ya laki mbili", muulize laki mbili ipi. Kwa mirathi kama yetu unataka bei ya soko: ambayo mnunuzi na muuzaji wote wawili wangekubali siku ile bila kulazimishwa.

Hatua ya 4: Anayethamini asiwe anayenunua. Ningekuwa na nafasi ya kuandika hatua moja tu, ni hii. Mtu akithamini huku mfukoni ana noti za kununulia, kila kasoro ataiona na kila uzuri utampita. Mwambie mapema: "Hata nikitaka kuuza, sitakuuzia wewe." Akipoteza hamu, umejua alichofuata.

Na usichanganye: mthamini aliyesajiliwa chini ya sheria ya uthamini ya 2016 huyu wa viwanja na nyumba anaweza kuwa bingwa Njiro nzima, lakini hajui rupia. Wala dalali wa tanzanite. Tafuta mtu anayeshughulika na sarafu hasa, hata akiwa nje ya mkoa au nje ya nchi. Kwa kuanzia, picha zinatosha. Muulize: umewahi kuthamini sarafu za Afrika ya Mashariki ya Mjerumani? Unatumia katalogi gani? Nipe mtu mmoja uliyemfanyia kazi.

Hatua ya 5: Malipo na ripoti. Kubalianeni kwa saa, kwa sarafu, au kwa kazi nzima. Asilimia ya thamani kataa. Akilipwa asilimia, kila sarafu itageuka lulu. Ripoti iwe ya maandishi, yenye tarehe na sahihi, kila sarafu na hali yake, na aina ya bei iliyotumika. Siku ya kukabidhi, hesabuni pamoja, andikeni, nyote msaini. Sisi tulikaa naye mezani hadi mwisho, chai ikapoa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Majengo, Moshi: Mkuu, nina senti 10 yenye tundu, 1936, jina la mfalme Edward wa Nane. Nasikia hakumaliza hata mwaka. Si ni utajiri huo?

*Jibu:* Pole mkuu. Kweli alitawala chini ya mwaka, lakini sarafu zake za tundu zilitengenezwa nyingi sana na zikatumika huku kwetu. Ni nzuri kuwa nayo, ila haijengi hata banda la kuku.

Dada wa Sakina: Kuna mtu kanipigia, anasema shilingi ya Mwalimu ya 1966 inanunuliwa mamilioni, nitume kwanza elfu hamsini ya usajili.

*Jibu:* Dada, usitume hata mia. Ile ya mwenge ilijaa nchi nzima. Mnunuzi wa kweli ndiye anayetoa hela, hadai.

Babu wa Usa River: Nina riale kubwa ya fedha ya Maria Theresa, yule malkia wa Austria, ya 1780. Ni ya miaka hiyo kweli?

*Jibu:* Shikamoo babu. Zote zimeandikwa 1780, hata zilizotengenezwa karne ya 20, kwa hiyo mwaka haukusaidii. Pima: ikiwa halisi itakuwa karibu gramu 28, na fedha yake ni asilimia 83. Umri wake mtaalamu huutafuta kwenye vidoti vidogo vya kifungo cha vazi na manyoya ya tai.

Kijana wa Kijenge: Na ile ya dhahabu ya Tabora yenye tembo? Jamaa ananiuzia.

*Jibu:* Rupia 15 ya 1916. Zilitengenezwa elfu kumi na sita na ushee tu, na bandia zake ni nyingi. Halisi ina gramu 7.17 hivi. Usitoe pesa kabla mtaalamu hajaishika mkononi. Kwa hiyo moja picha hazitoshi.

Mama wa Machame: Mjomba alikuja na visarafu vya shaba vyenye maandishi ya Kiarabu, alivikuta Kilwa ufukweni. Nimtafutie mthamini?

*Jibu:* Shikamoo mama. Hapo simamisha biashara. Vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Huruhusiwi kuvipeleka nje bila kibali. Avipeleke Idara ya Mambo ya Kale, na aandike alivikuta sehemu gani hasa kabla hajasahau.

Mdau wa Majengo, Moshi: Mkuu, na ile rupia ya binamu iliyosuguliwa, mliifanyaje?

*Jibu:* Mthamini aliipa bei ya madini. Tumempa binamu kama fungu lake.