Somo: Kutumia mboji ya nyungunyungu kwenye udongo wenye metali nzito

Ndugu wanachama, baadhi ya bustani za mchicha na sukuma wiki ndani ya Jiji la Mwanza zipo kando ya mitaro na ya Mto Mirongo, na nyingine zipo kwenye viwanja vilivyowahi kuwa gereji au sehemu za kuvunjia betri za magari. Udongo wa namna hiyo unaweza kuwa na risasi (metali ya kwenye betri, si ya bunduki), kadimi, zinki au shaba kupita kiasi. Kabla hatujashika jembe, naomba jambo moja lieleweke: metali haiozi, na mboji haiiondoi udongoni. Kinachofanyika ni kwamba asidi za humiki, yaani asidi zitokanazo na kuoza kwa mimea na samadi, zilizomo kwenye mboji hushikana na metali, na fosfeti yake (chumvi ya fosforasi) huigeuza sehemu ya risasi kuwa chumvi isiyoyeyuka kirahisi, hivyo mizizi hunyonya metali kidogo zaidi.

Hatua ya kwanza ni kupima. Chota udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu kama kumi za bustani, uchanganye, kisha upeleke nusu kilo maabara. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya Kanda ya Ziwa ipo hapa Mwanza, na kwa upande wa uchachu na rutuba waulizeni wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) Ukiriguru, wilayani Misungwi. Pale unapoona vipande vya sahani za betri au unga wa kijivu, usichanganye chochote, kwa kuwa mboji haiwezi mzigo huo. Zuia watoto wasifike hapo na utoe taarifa kwa afisa mazingira.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo inayoamua yote, ni kupata mboji safi. Walishe nyungunyungu wekundu samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa, maganda ya ndizi na karatasi zisizo na rangi, kivulini, kwa miezi miwili hadi mitatu. Ukikamua konzi ya chakula chao, yatoke matone mawili au matatu tu ya maji. Najua magugu maji yamejaa ufukweni na hayauzwi, lakini mmea huo hunyonya metali kwa nguvu, na kwa kuwa lundo hupungua hadi karibu nusu wakati metali yote inabaki ndani yake, mboji itakayotoka itakuwa na metali nyingi kwa kilo kuliko magugu yenyewe yalivyokuwa wakati yanawekwa. Msiyatumie yaliyovunwa karibu na midomo ya mito na mitaro ya mjini.

Hatua ya tatu ni kuchanganya. Tuta la mita 10 za mraba, kwa kina cha sentimita 20, lina udongo wa takribani kilo 2,600. Asilimia tano yake ni kilo 130, sawa na ndoo kumi hivi za lita 20. Kama vipimo vimeonyesha udongo ni mchachu, tangulia na chokaa ya kilimo, kwa sababu uchachu ndio unaoyeyusha metali nyingi. Mwagilia, subiri mwezi mmoja, kisha panda nyanya, bamia au mahindi, ambayo punje na matunda yake kwa kawaida huhifadhi metali kidogo kuliko majani. Mboga za majani zisiliwe mpaka zipimwe: kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa risasi ni miligramu 0.3 kwa kilo. Ongezeni mboji kila mwaka, maana mboji ikiendelea kuoza metali hulegea tena.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Shamba letu lipo Geita, jirani na walipokuwa wakichenjulia dhahabu kwa zebaki. Njia hii itatufaa?*

Marahaba. Msianze bila majibu ya maabara. Mboji hushika zebaki, lakini kwenye udongo unaotuamisha maji bakteria huweza kuigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo ni hatari zaidi na hujilimbikiza kwenye samaki. Marudio ya dhahabu, yaani mchanga unaobaki baada ya kuchenjua, pia huweza kuwa na aseniki, ambayo ni sumu, na hiyo, tofauti na risasi, huweza kulegezwa na fosfeti ya mboji.

*Nimesikia alizeti huvuta metali. Nipande kwenye tuta lenye mboji?*

Chagua lengo moja. Mboji inafunga, ilhali alizeti inahitaji metali iliyo huru, na kusafisha kwa njia hiyo huchukua misimu mingi. Ukiipanda, mabua yasiwe kuni wala lishe ya mifugo.

*Nyungunyungu wakizidi, naweza kuwapa kuku?*

Wa kwenye sanduku lenye chakula safi, ndiyo. Wa kwenye tuta lenyewe, hapana kabisa, kwa sababu nyungunyungu hukusanya kadimi na risasi mwilini, na kuku huvipitisha kwenye mayai, maini na figo. Tuta lizungushieni wavu kuku wasichakure humo.