"Ya zilizobaki": maneno mawili yanayoangusha wengi

Mwanao akikutana na swali hili, asikimbilie kujumlisha: Mama alitumia 2/5 ya fedha zake sokoni, kisha 1/3 ya zilizobaki akalipa nauli. Akabaki na sh. 12,000. Alikuwa na shilingi ngapi mwanzoni?

Wengi hujumlisha 2/5 na 1/3, wanapata 11/15, halafu wanaishia kwenye 45,000. Si jibu. Ile 1/3 si ya fedha zote, ni ya zilizobaki.

Mwambie achore mstatili, augawe vyumba vitano sawa. Afute viwili vya sokoni. Vimebaki vitatu, theluthi yake ni chumba kimoja, nacho akifute. Vinabaki viwili, ndiyo ile 12,000. Chumba kimoja ni 6,000, vyote vitano ni 30,000. Nimeona watoto waliokwisha kukata tamaa na sehemu wakilimaliza swali hili kwa kalamu ya risasi tu, bila kanuni yoyote.

Vyumba vilivyobaki visipogawanyika sawasawa, avikate vyote vidogo zaidi kwa ukubwa uleule.

Na swali likihusu watu au mayai, atazame asili, yaani namba ya chini ya sehemu. Darasani 3/8 ni wasichana, 1/6 ya darasa huvaa miwani, na wanafunzi ni kati ya 40 na 60. Hakuna nusu mtoto, kwa hiyo idadi lazima igawanyike kwa 8 na kwa 6. KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ni 24; kigawe chake kilicho kati ya 40 na 60 ni 48, basi wanafunzi ni 48.