Usukani umejifunga, ufunguo haugeuki: soma hii kabla hujanunua swichi

Wengi wanaoniletea gari hapa Ngamiani, Tanga, wakisema "fundi, swichi imekufa", swichi yao huwa nzima. Pale unapochomeka ufunguo pana vitu viwili vilivyoshikana. Mbele ni kitasa cha chuma. Nyuma yake ni swichi yenyewe ya umeme, kidude cha plastiki chenye waya. Jua kwanza kipi kinachosumbua, maana bei zake hazilingani hata kidogo.

Kitasa ndicho kinachofunga usukani. Ndani yake mna vipande vyembamba vya shaba vyenye springi, na ufunguo halali huvipanga vyote usawa mmoja ndipo kizunguke. Ukichomoa ufunguo, komeo la chuma linasukumwa na springi hadi kwenye mhimili wa usukani. Gusa usukani kidogo, komeo linatumbukia kwenye kishimo chake: ta! Umefunga. Sheria ya Marekani iliyoanza 1970 ilitaka gari lililochomolewa ufunguo lisiweze kukatwa usukani au kujiendesha, na viwanda vingi vikachagua komeo hili. Adui ni mwizi, ila siku nyingine linamsumbua mwenye gari.

Umeegesha umekata usukani hadi mwisho, tairi limebanwa na ukingo wa barabara. Tairi linataka kurudi, kwa hiyo usukani unalilalia komeo ubavuni, nalo haliwezi kutoka. Weka plaizi mbali, utakata ufunguo. Kwa mkono wa kushoto tikisa usukani huku na huku. Upande mmoja utakuwa mgumu kama ukuta, mwingine utalegea kidogo. Vutia upande uliolegea, shikilia hapo hapo, mkono wa kulia ugeuze ufunguo taratibu. Mara nyingi unafunguka.

Usipofunguka, jaribu ufunguo wa akiba. Uliochongwa kutoka kwenye ufunguo uliolika huwa umelika vilevile. Kitasa kikiwa kikavu, kipulizie unga wa risasi ya penseli. Mafuta ya kupikia usithubutu, yanakamata vumbi na baada ya muda utakuwa na uji humo ndani. Na kama ni otomatiki na ufunguo hautaki kuchomoka, tazama gia: isipokaa sawasawa kwenye P, hautoki.

Sasa umeme. Ufunguo una vituo vinne. Kwenye LOCK kila kitu kimekatwa. ACC inapeleka moto redioni. ON inawasha mfumo wa injini na taa za dashibodi. START inapeleka moto mdogo tu kwenye solenoidi (swichi ya sumaku) ya stata, ile mota inayozungusha injini iwake, nayo solenoidi ndiyo inayofungulia umeme mkubwa kutoka kwenye betri. Ukiwa START, swichi huikata ACC kwa muda, ndiyo maana redio hunyamaza unapopiga stata. Wala si ubovu.

Ufunguo unageuka vizuri lakini gari haliwaki? Weka ON, tazama taa za dashibodi, kisha piga stata. Taa zikififia sana, angalia betri na terminali zake. Kwa hewa hii ya bahari zinaota kutu ya kijani upesi. Ukisikia tik moja, nenda kwenye stata. Taa zisipofifia na kukawa kimya kabisa, na gari ni otomatiki, jaribu kwenye N. Bado kimya, mtu ashikilie START nawe uguse waya mwembamba wa stata kwa taa ya testa. Ikiwaka, swichi haina kosa. Na injini inayowaka ukiwa umeshikilia START halafu ikafa ukiachia, hiyo mara nyingi ni swichi kweli: kituo cha ON kimeungua.

Mama mmoja wa Chumbageni alikuwa ameambiwa anunue seti nzima, kitasa na funguo mpya. Kwenye Toyota nyingi kile kidude cha nyuma kinashikwa na skrubu moja au mbili, kinatoka peke yake, ufunguo unabaki ule ule. Tulibadilisha hicho tu. Kazi ngumu ni kuvua kitasa chote: bolti zake hukatika kichwa kwa makusudi zinapokazwa kiwandani, mwizi asipate pa kushika spana.

Punguza mzigo kwenye ufunguo pia. Kuna madereva wa Hiace wananing'iniza humo funguo za nyumba, kufuli la duka na kifungulia soda. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliyaita magari yake yarudi kurekebishwa, Chevrolet Cobalt yakiwemo, kwa swichi iliyokuwa laini mno: ufunguo uliteleza kutoka ON hadi ACC gari likiwa mwendoni, injini ikazima, mifuko ya hewa isifumuke. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124.

Kwa wanaoshuka Lushoto kuja Mombo wakiweka fri na kuzima injini ili kubana mafuta: pawa ya usukani inaondoka hapo hapo, na busta ya breki, inayouongezea mguu nguvu, inabaki na pumzi ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Kitasa kikiwa kimelika, ufunguo unaweza kupita hadi LOCK konani, usukani ukajifunga. Injini ikijizimia yenyewe mteremkoni, usiguse ufunguo kwanza. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu, usiipampu, elekeza gari pembeni upande wa mlima, vuta breki ya mkono polepole. Ufunguo utauchomoa likishasimama.