Kupanga orodha ya viwanja vya nyumbani vya Hampshire, klabu ya kriketi ya Uingereza

Chora jedwali la safu tano: uwanja, mji, mechi ya kwanza, mechi ya mwisho, idadi ya mechi. Mechi za daraja la kwanza (za siku kadhaa), za siku moja na za T20 (fupi, za saa chache) ziwe na majedwali tofauti. Ukizichanganya, tarehe zitagongana.

Majina ndiyo huponza wengi. Rose Bowl, uliorithi nafasi ya Northlands Road mwaka 2001, uliitwa Ageas Bowl kuanzia 2012, kisha Utilita Bowl (wadhamini hawatulii). Uwanja ni ule ule, hivyo upe mstari mmoja tu. Mji wa Bournemouth nao ulihamishiwa kaunti ya Dorset mwaka 1974, lakini Hampshire waliendelea kucheza huko, uwanja wa Dean Park, hadi 1992; usiufute uwanja huo. Mechi iliyovunjwa na mvua kabla ya mpira wa kwanza kurushwa usiihesabu.