Kupimwa usonji Kenya bila kuuza shamba: uanzie wapi na uombe karatasi gani

Wazazi wengi wanakwama kwa pesa kabla hata hawajauliza. Wanasikia kuna mtu amelipa makumi ya maelfu kliniki ya kibinafsi Nairobi ndo mtoto wake apimwe usonji (autism), basi wanakaa wakichanga, na mtoto anamaliza mwaka mwingine bila kuonwa na mtaalamu yeyote. Wazazi wenzangu, njia ya serikali ipo. Inazunguka na inataka subira lakini inafika, na hata mwenye pesa ataipitia tu manake ripoti ya kliniki ya kibinafsi peke yake haikupi kadi ya ulemavu.

Kinachochanganya watu ni kwamba kuna karatasi tatu na kila moja ina ofisi yake. Hospitali ndo inasema kama ni usonji au ni kitu kingine. EARC, ile ofisi ya Wizara ya Elimu ya kutathmini watoto, inasema mtoto asome wapi na asaidiwe vipi. Halafu NCPWD, yaani Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ndo linatoa kadi. Ukienda EARC ukitaka kuambiwa mtoto ana ugonjwa gani utarudi umekasirika bure, na ukienda hospitali ukitaka barua ya shule pia utazungushwa, kwa hivo jua mapema leo unafuata karatasi gani.

Kabla hujatoka nyumbani

Chukua kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kina sehemu ya hatua za ukuaji, angalia mtoto alipaswa kufanya nini kwa umri wake na uandike kile hafanyi. Andika kwa mifano, usiandike tu "hasemi". Andika kama akiitwa jina hageuki, hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, alikuwa na maneno machache yakapotea, akisikia blenda anaziba masikio analia, anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja asubuhi mpaka jioni. Kama mtoto ana kati ya miezi 16 na 30 kuna fomu inaitwa M-CHAT-R, maswali 20 ya ndio na hapana, unaipata bure onlaini. Alama 0 mpaka 2 ni hatari ndogo, 3 mpaka 7 ni ya kati na maswali yanafaa kurudiwa na mhudumu wa afya, 8 kwenda juu usingoje, tafuta daktari. Hiyo fomu haisemi mtoto ana usonji, inasema tu aangaliwe, lakini ukiingia nayo kwa daktari imejazwa mazungumzo yanaenda haraka sana.

Halafu chukua video na simu. Fupi fupi, akicheza peke yake, akila, ukimwita, akiwa na watoto wengine. Daktari ana dakika chache na foleni iko nje, na mtoto siku hiyo anaweza kulala mgongoni saa zote, video ndo itaongea.

Hospitali

Anza na dispensari au kituo cha afya kilicho karibu. Hakikisha umejisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali (unaweza kutumia *147#) na umemuongeza mtoto kama mtegemezi wako, usajili wenyewe haulipiwi na matibabu ya ngazi hiyo ya chini yanagharamiwa na serikali. Pale omba rufaa, na uiombe kwa maneno kamili: naomba mtoto apimwe ukuaji na usonji. Ukisema tu anachelewa kuongea utaambiwa wavulana huchelewa, hata baba yake alichelewa, rudi akifika miaka minne. Usikubali kurudishwa hivo, mama. Kuna wengine wataambiwa wampeleke akakatwe kilimi ndo aongee. Kilimi hakina uhusiano wowote na usonji na mtoto anaweza kuvuja damu vibaya au kuambukizwa, tafadhali msiwapeleke.

Kwa hospitali ya kaunti mtafute daktari wa watoto, na kama yupo daktari wa akili anayeona watoto ni vizuri zaidi. Kwa rufaa kubwa kuna Kenyatta na Mathari kule Nairobi, Moi kule Eldoret, na Pwani watu wanaenda Coast General. Kitu cha kwanza watakachotaka ni masikio yapimwe, na wako sawa kabisa, kwa sababu mtoto asiyesikia pia hageuki akiitwa. Baada ya hapo ni maswali marefu kuhusu mimba, kuzaliwa, ukuaji, na kumuangalia mtoto anavyocheza na anavyowasiliana. Usonji hauonekani kwa damu wala kwa picha ya kichwa. Ukiandikiwa skani uliza kwa heshima, daktari hii inatafuta nini? Inaweza kuwa na sababu, mfano mtoto anapata degedege au kuna shaka ya kifafa ambacho kinaweza kuja pamoja na usonji, lakini kama jibu ni "ndo tujue kama ni usonji" tafuta daktari mwingine kabla hujalipa.

Gharama: ngazi hii ya juu uliza dawati la SHA kabla ya kila huduma, wanalipia nini na wewe unalipa nini, usiulize baada ya bili kuandikwa. Ukiwa huna kabisa, hospitali za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii ambapo unaeleza hali yako na wanaweza kupunguza au kufuta, wenyewe wanaita wevya. Watu wengi hawajui hiyo ofisi iko na haina aibu yoyote, iliwekwa kwa ajili yetu.

Ukimaliza usitoke bila ripoti iliyoandikwa, ina jina la hali, tarehe, sahihi na muhuri. Jibu la mdomo halitakusaidia ofisi inayofuata. Na kama apointmenti ya daktari ni ya mbali, uliza siku hiyo hiyo kama mtoto anaweza kuanza OT, yaani tiba ya kumfundisha shughuli za kila siku, au mazoezi ya kuongea. Mtaalamu wa tiba hahitaji neno usonji kwa faili ndo aanze kumfundisha mtoto kukaa, kushika kijiko, kuomba kitu. Miaka ya mwanzo ina thamani kubwa sana, usiipoteze kwa foleni.

EARC

Hapa huhitaji kungoja hospitali imalize, nenda sambamba. Ofisi hizi ziko kaunti zote, nyingi ziko ndani ya shule ya msingi au karibu na ofisi ya elimu, uliza mwalimu mkuu yeyote wa shule ya umma atakuelekeza. Beba cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki, ripoti yoyote ya hospitali na ya shule kama ameanza. Wanaokuona ni walimu waliosomea elimu maalum, na kusema kweli wengi wao wana moyo sana, wanafanya kazi na vifaa vichache. Ripoti yao ndo inafungua mlango wa kitengo maalum au wa kusaidiwa ndani ya darasa la kawaida, na baadaye ndo itaombwa mtoto akihitaji muda wa zaidi kwa mitihani ya KNEC. Kama kaunti yenu imelemewa kuna KISE, ile taasisi ya kitaifa ya elimu maalum, pale Kasarani, Nairobi, wana kituo kikubwa cha tathmini, lakini piga simu upangiwe siku kwanza, usisafiri usiku kucha ukapate foleni imejaa.

Kadi ya NCPWD

Utapitia tathmini ya ulemavu kwa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kuna kamati ya madaktari inakaa siku maalum, saa zingine mara moja tu kwa wiki, uliza siku kabla ya kulipa nauli. Hapo ndo ile ripoti ya kwanza inafanya kazi. Fomu yao ikishapitishwa na Wizara ya Afya unamalizia usajili kwa eCitizen na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi na picha ya pasipoti. Kujisajili ni bure, mtu wa saiba akiomba pesa ni ya kazi yake ya kujaza, si ya kadi. Inaweza kuchukua muda mrefu, kwa hivo nenda ofisi ya baraza ya kaunti yako ukaulize faili imefika wapi.

Watu wazima

Dada, kaka, kama umesoma dalili za mtoto wako ukajiona wewe mwenyewe, hujachelewa. EARC hapo si yako, wewe unaenda kwa daktari wa akili wa hospitali ya umma au mwanasaikolojia wa kliniki. Atataka kujua ulivyokuwa mdogo, kwa sababu usonji huanza utotoni hata kama watu hawakuuona, kwa hivo enda na mama yako au shangazi aliyekulea, na wakiwa hawako, tafuta ripoti zako za zamani za shule, yale maneno ya mwalimu wa darasa yanasema mengi. Wengi, hasa wanawake, walishatibiwa miaka mingi kwa ajili ya wasiwasi au huzuni, na inaweza kuwa ni kweli wanayo na bado kuna usonji chini yake ambao hakuna aliyeuliza. Sema hivo waziwazi, nimetibiwa hiki na hiki lakini haya mengine yalikuwepo tangu utotoni.

Ukishapata jibu, kadi inafuata njia ile ile ya juu ila unatumia kitambulisho chako. Kama umeajiriwa au una biashara, ukiwa na kadi unaweza kuomba KRA msamaha wa kodi kwa mapato ya mpaka shilingi 150,000 kwa mwezi. Huo unaombwa kivyake na unaisha muda, kadi peke yake haitoshi, kwa hivo andika tarehe ya kuomba upya siku ile ile unaupata.