Lochi: mtambue kwanza, ndipo umnunue

Wapendwa wafugaji wa samaki wa tangi, salaam. Wiki hii watu wanne wamenitumia picha ya lochi yuleyule: rangi ya chungwa, mistari mitatu mipana myeusi, urefu wa kidole cha mwisho. Wote waliambiwa dukani kwamba huyu hakui na kazi yake ni kula konokono. Nami niliambiwa hivyohivyo nilipoanza, nikaweka wanne kwenye tangi la lita 60. Walidumaa, wawili wakafa, na iliniuma sana kujua baadaye kwamba samaki huyo hufika sentimita 20 hadi 30 na huishi zaidi ya miaka 20. Ndiyo maana somo hili linaanza na utambuzi.

Hatua ya 1: Mtambue akiwa bado dukani

Lochi ni samaki wa chini, wenye sharubu kuzunguka mdomo na magamba madogo mno. Karibu wote hutoka Asia. Afrika nayo ina wake wachache: Ethiopia yupo Afronemacheilus abyssinicus, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1902. Lakini huyo hutamkuta dukani.

Yule wa chungwa anaitwa Chromobotia macracanthus, wa mito ya Sumatra na Borneo. Mstari wake wa kwanza mweusi unapita juu ya jicho. Ukitaka kujua kwao ni wapi, tazama mapezi ya tumboni: ya Sumatra huwa mekundu yote, ya Borneo mara nyingi yana weusi. Huyu ni wa tangi la lita 500 kwenda juu. Kama huna nafasi hiyo, mwache.

Botia almorhae wa India ana alama ubavuni ambazo utotoni hufanana na herufi Y na O zikifuatana. Akikua alama huungana zikawa kama wavu, na hapo wengi hudhani wamebadilishiwa samaki. Hufika sentimita 15 hivi, na ana ubabe kidogo.

Pangio ni mwembamba kama mkunga mdogo, ana pete za kahawia na njano, hapendi ugomvi na hahitaji zaidi ya lita 80 kwa kundi la sita. Dukani wote huitwa Pangio kuhlii, ila wengi kwa hakika ni Pangio semicincta. Kwa matunzo hakuna tofauti. Kwa anayeanza, huyu ndiye ninayempendekeza bila kusita.

Misgurnus anguillicaudatus ana sharubu kumi na hufika sentimita 25. Ni wa maji ya baridi. Mtu wa Lushoto, Njombe au Limuru atamfuga vizuri. Dar na Mombasa joto litamchosha.

Mwangalieni sana Gyrinocheilus, ambaye huuzwa kwa jina la lochi. Hana sharubu, na mdomo wake ni wa kunyonya kama kikombe. Akikua huwarukia wenzake na kunyonya ute wa ngozi zao.

Hatua ya 2: Andaa chini kabla ya juu

Lochi anaishi kwa sharubu zake, hivyo kokoto zenye makali zinamjeruhi. Tumia mchanga laini wa mto, uoshe mpaka maji yatoke safi. Sisi wa pwani tusichukue mchanga wa baharini: una vipande vya kome na matumbawe vinavyoyafanya maji kuwa magumu.

Maficho ni lazima, na hapa hatuna haja ya kununua plastiki. Vifuu vya nazi vilivyochemshwa mara kadhaa mpaka visitoe rangi, vyungu vilivyovunjika na kulainishwa kingo, vipande vya mianzi, vyote vinafaa. Wavuvi wa Sumatra wenyewe huwanasa wachanga kwa vipande vya mianzi, kwa sababu samaki hawa hupenda kujibana ndani ya tundu. Lochi mwenye pa kujificha ndiye anayetoka nje kwa wingi.

Funika tangi. Pangio hupenya hata tundu la waya, na huingia ndani ya filta (kichujio cha maji), kwa hiyo vika sifongo kwenye mdomo wa kuvuta maji.

Hatua ya 3: Maji yakomae

Lochi awe wa mwisho kuingia. Filta huhitaji wiki nne hadi sita kujenga bakteria wa kuvunja amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Maji ya bomba yatolewe klorini kwa dawa yake. Ya kisima yapime kwanza. Karibu na bahari mengi yana chumvi. Badilisha robo ya maji kila wiki. Joto liwe nyuzi 25 hadi 29 kwa lochi wa chungwa. Dar mara nyingi hita (kifaa cha kupasha maji) haihitajiki. Nairobi na Arusha usithubutu bila hita.

Hatua ya 4: Kuwahamisha

Chini ya jicho lochi wengi wana mwiba wanaoukunjua wakiogopa. Hunasa kwenye wavu, hutoboa mfuko na huchoma kidole. Tumia chombo cha plastiki, umwongoze aingie, au weka mwanzi ndani ya tangi na umtoe nao. Nunua angalau watano au sita, na uwatenge wiki tatu kabla ya kuwachanganya na wengine.

Hatua ya 5: Chakula

Lisha taa zikizimwa. Vidonge vinavyozama, minyoo ya ardhini iliyokatwakatwa, kamba wabichi, kipande cha tango.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimemkuta wangu amelala ubavu chini ya gogo, hatikisiki. Nimtoe?*

Marahaba mwanangu. Usimtoe. Lochi wa chungwa hulala ubavu, wengine hata chali. Tazama kama mashavu yanapumua. Akiinuka ukisogeza mkono, alikuwa amepumzika tu.

*Kaka, wangu wawili wamepauka ghafla, weusi umegeuka kijivu, na nasikia mlio kama kidole kikialika. Ni ugonjwa?*

Wanashindana nani mkubwa. Wakati wa mvutano rangi hupauka, na mlio huo wanautoa wenyewe. Rangi hurudi baada ya saa chache. Wakiendelea siku nzima, ongeza maficho au idadi. Wawili peke yao hawapati amani.

*Madoa meupe kama chembe za chumvi yamejaa mwilini. Nimeshanunua dawa.*

Usimwage kipimo chote. Magamba yake madogo hayamlindi, hivyo anza na nusu ya kipimo, na kwepa dawa ya shaba. Pandisha joto polepole mpaka nyuzi 30, ongeza pampu ya hewa kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na nyonya uchafu wa chini kila siku, maana kimelea huzaliana huko. Endelea siku 10 hadi 14, hata madoa yakitoweka mapema.

*Anakula vizuri lakini anakonda, tumbo limeingia ndani.*

Ni minyoo, hasa kwa waliovuliwa mitoni. Levamisole, dawa ya minyoo ya duka la mifugo, hutumika, miligramu 2 kwa lita, siku moja, kisha badilisha maji mengi na urudie baada ya wiki mbili au tatu. Soma lebo: iwe levamisole tupu, kwa sababu nyingine huchanganywa na dawa tofauti.

*Mimi niko Mwanza. Naweza kuchota majani ziwani, kisha lochi wale konokono watakaokuja nayo?*

Hapana dada, hapa nakusihi. Konokono wa ukingo wa ziwa wanaweza kubeba kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi ya mkono unaoingiza tangini kila siku. Lochi hali konokono wote kwa usiku mmoja. Nunua mimea iliyokuzwa kwenye matangi. Na samaki wakikuzidi, wape mfugaji mwingine; usiwamwage ziwani. Misgurnus aliyeachiwa hivyo ameshaota mizizi kwenye mito ya Australia na Marekani.