Afande, waliuliza kazi siyo cheo: namna ya kutoka uwanja wa ndege wa jeshi na kuingia kazi ya uraiani

Afande, najua umeshatoka au barua yako iko njiani, na majirani pale Abayita Ababiri wameanza kukuuliza utafungua duka la nini. Kabla hujanunua boda mbili na kumpa kijana wa watu akuletee hesabu jioni, soma hii kwanza. Mi nilikaa uwanjani miaka 14, kupokea ndege, kujaza mafuta, kupakia mizigo, zamu za usiku mbu wanakula, na nilipotoka nilidhani uwanja wa raia utanipokea mbio mbio maana ndege ni ndege tu. Haikuwa hivyo.

Intavyuu ya kwanza nilienda kwa kampuni moja ya kuhudumia ndege, jina naliacha. Dada wa ajira, rika la binti yangu wa kwanza, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mzee, ulikuwa unafanya nini hasa?" Nikamwambia nilikuwa sajini wa zamu. Akaningoja. Nikaongeza, sajini wa zamu, pale uwanjani. Akaandika kitu kidogo, akanishukuru, na simu haikuja hadi leo. Wiki nzima nilikuwa na hasira ati watoto wa siku hizi hawaheshimu watu, kumbe aliuliza kazi mi nikamjibu cheo.

Sasa fanya hivi. Chukua daftari la shule, lile la kurasa 96, andika zamu moja tu kuanzia unaamka mpaka unakabidhi. Usiandike vyeo wala majina ya vikosi, andika ulichoshika na ulichoamua. Tuseme ulitembea njia ya kurukia alfajiri ukiokota mawe, misumari na vipande vya chuma. Jeshini hiyo ilionekana kama adhabu ya makuruti, lakini huku ni kazi yenye jina lake na ina watu wanaolipwa kuifanya, kwa sababu tarehe 25 Julai 2000 pale Paris kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege nyingine kilipasua tairi la ndege ya abiria ya Concorde na watu 113 wakafa. Ukiweza kueleza kwa nini ulikuwa unaokota, na siyo tu kwamba uliokota, mwenye kuuliza anakaa vizuri kwenye kiti.

Mafuta ni hivyo hivyo. Usiseme "nilikuwa kwenye mafuta", mtu atafikiri ulikuwa petroli stesheni. Sema ulichukua sampo, ukaiangalia kama ni safi na haina maji, ukapima, ukajaza, ukaandika lita na kusaini, tena unajua kwamba lita 1,000 za Jet A-1, yale mafuta ya ndege za jeti, ni kama kilo 800 kwa hiyo rubani akitaka kwa kilo we unahesabu kwa kichwa. Pale uwanja mdogo wa Kajjansi kuna ndege ndogo za pistoni zinazotumia Avgas, petroli ya ndege ile ya bluu, na pembeni yake imesimama ndege ya Caravan inayotumia Jet A-1, sasa mtu anayejua kwamba kuchanganya hayo mawili ni kuua watu, na aliyezoea kuuliza mara mbili kabla ya kufungua bomba, huyo anatafutwa.

Ukimaliza daftari, tia namba. Watu wangapi chini yako, zamu saa ngapi, ndege ngapi kwa wiki ya kawaida, mizigo tani ngapi, miaka mingapi bila mtu kuumia. Lakini hapa breki! Aina za ndege za kivita, idadi yake, mahali zilipo, safari za operesheni, hivyo havitoki mdomoni wala kwenye karatasi. Kuna Sheria ya Siri za Serikali, na ulishaapa. Andika "ndege za mizigo na za abiria", andika "helikopta", inatosha. Mi nikisoma sivii ya mtu anayejisifu na siri za kambi simwamini hata kama ananiambia ukweli, na bosi wa uwanja wa ndege naye atajiuliza huyu kesho atatoa siri zangu wapi.

Mfano, maana maneno matupu hayasaidii. Kabla: "NCO wa zamu, airfield, nikitekeleza majukumu yote niliyopewa na wakubwa." Baada ya: "Nilisimamia watu 9 kwa zamu ya saa 12, tulikagua njia ya kurukia mara 2 kila siku, tulipokea na kuegesha ndege kwa ishara za mikono, tulijaza mafuta na kupakia mizigo kwa mpango wa uzito, miaka 6 bila ajali ya ardhini." Mtu ni yule yule. Na ndio, sivii na barua vitaenda kwa Kiingereza, hapa Uganda hilo halina ubishi, ila ifikirie kwanza kwa Kiswahili kana kwamba unamweleza mama yako kijijini, ukiona mama haelewi basi na dada wa ajira hataelewa.

Tuje kwenye vyeti, na hapa wengi wetu tunaumia. Uzoefu wako haukupi leseni ya raia. Kama ulikuwa unaongoza ndege kwenye mnara, nakuheshimu sana, lakini huku leseni inataka uwe umefika miaka 21, upimwe afya ya daraja la 3, Kiingereza chako kifike angalau ngazi ya 4 kati ya 6 kwa vipimo vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, halafu upite kozi na mitihani, na kila uwanja unaanza upya chini ya mwalimu mpaka akuachie. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA, ndiyo inatoa leseni hapa kwetu, kwa hiyo nenda ukawaulize wenyewe ni nini kitahesabiwa kwenye faili lako kabla hujalipa ada popote. Chuo cha Soroti kipo tangu 1971 kwa marubani na mafundi, Nairobi kuna East African School of Aviation ambayo inafundisha waongoza ndege. Mafundi, kushika spana miaka 10 ni kitu kizuri, lakini huku sahihi ya kuachia ndege iruke ni ya mwenye leseni, we anza kama msaidizi huku unasoma moduli zako za leseni usiku.

Kozi fupi ndo rafiki yetu. Ya mizigo hatari inarudiwa kila miezi 24, na mtu wa jeshi anaisoma haraka kwa sababu zile daraja 9 nyingi amezishika kwa mikono. Ya zimamoto pia, kama ulikuwa kwenye gari la zimamoto la kambi tayari unajua maana ya kufika ndani ya dakika 3, hicho ndicho kipimo cha kimataifa mpaka mwisho wowote wa njia ya kurukia. Watu wa usalama wa abiria na mizigo wapo tele, ushindani mkubwa, sitakudanganya.

Milango iko wapi? Entebbe bila shaka, pale hata jeshi na raia tunatumia njia moja ya kurukia kwa hiyo hujaanza kutoka sifuri, unaujua upepo wa ziwa na unajua wale ndege wakubwa, marabu, wanapenda kusimama wapi. Uganda Airlines ilirudi angani Agosti 2019, na zaidi ya kampuni yenyewe angalia wale wanaoihudumia chini, chakula, usafi, mizigo. Umoja wa Mataifa wana kituo chao kikubwa hapo hapo Entebbe tangu 2010, wanaajiri watu wa kupanga safari na mizigo, unaomba kwenye tovuti yao rasmi na hawachukui hela ya mtu hatua yoyote, akikuambia mtu lete laki 3 ya fomu huyo mpe namba ya polisi. Waliopita Mogadishu, mkumbuke kuandika mlifanya kazi kwenye uwanja wenye ndege za nchi nyingi na lugha nyingi, hilo lina uzito kwa hao wa UN kuliko medali.

Halafu kuna Hoima. Uwanja wa ndege wa Kabalega una njia ya kurukia ya kilomita 3.5 na ulijengwa kwa sababu ya mafuta, lakini usitazame uwanja peke yake, angalia na yale maghala, malori na kambi za wafanyakazi wa mafuta na bomba la kilomita 1,443 linaloenda Tanga. Wanataka watu wa usalama kazini na watu wa kusimamia mizigo mizito, wanaojua kwamba kreni ikiinua hakuna mtu anapita chini. We umefanya hivyo tangu ukiwa koplo. Hata Namanve kwenye viwanda, mwenye kuendesha foklifti na kuandika kitabu cha ghala bila kukosea ana kazi.

Mambo ya tabia sasa. Jeshini mkubwa akisema ndege itoke, inatoka. Huku kijana mpakiaji akiona mlango wa mizigo haujafungwa sawasawa anaruhusiwa kusimamisha kila kitu, na hafokewi, na fomu yake ya kuripoti inasomwa. Kanuni za kimataifa zimeweka mambo ya kusimamia usalama na kuripoti hatari kwenye kiambatisho chake chenyewe tangu 2013, Annex 19, ukikisoma kidogo kabla ya intavyuu utakuwa umewapita wengi. Kwa hiyo wakikuuliza "eleza siku ulipoona hatari ukafanya nini", usijibu nilisubiri amri. Wengi wanajibu hivyo! Tafuta siku moja ya kweli uliposema hapana, sema uliona nini, ulimwambia nani, ikaishaje. Na uache kusimama wima kila bosi akiingia, mi bosi wangu ana miaka 29, siku za kwanza alikuwa anaogopa, alidhani namdhihaki.

Mshahara, soma kabla ya kusaini. NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, watakata asilimia 5 yako na mwajiri anaongeza 10, kodi nayo inakatwa, kwa hiyo uliza kiasi kinachofika mkononi, na uliza usafiri wa zamu ya usiku maana kutoka Kitoro saa tisa usiku siyo mchezo.

Kwa faili lako andaa kitambulisho cha taifa, barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, karatasi za kuachishwa jeshi na cheti cha tabia njema cha polisi pale Interpol, kianze mapema maana bila hicho pasi ya kuingia uwanjani utaisubiri sana. Wadhamini weka wawili, mmoja awe afande aliyekuona ukifanya kazi kwa macho yake, siyo yule jenerali uliyepiga naye picha. Na mpigie kabla umwambie namba ngeni itampigia, unajua wakubwa wetu hawapokei namba wasiyoijua.